Tabo Haiui Injini, Njaa Ndiyo Inaiua

Kuna picha binamu yangu ameiweka kwenye simu yake mpaka leo, hataki kuifuta. Ni pistoni moja ya Subaru, imeshikwa na mkono uliojaa grisi, na katikati yake kuna shimo unaloweza kupitisha kidole. Ilipigwa Emali, nyuma ya safu ya maduka yanayoangalia Mombasa Road, mwezi wa Desemba, ule wakati kila mtu wa Ukambani aliye Nairobi anarudi nyumbani. Yeye alikuwa anarudi na Impreza yake, gari aliyoitafutia pesa miaka minne. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amelipa jamaa amwongezee busti, yaani ile presha ya hewa ambayo tabo inasukuma ndani ya injini. Gari ikawa inaruka. Ilifika Emali ikigonga kama mtu anayetwanga muthokoi, halafu ikanyamaza.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha mbele, kwa hivyo hii si hadithi ya kuambiwa. Na niseme ukweli wasee, mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia "ongeza, ongeza" tangu tupite Sultan Hamud.

Fundi aliyetufungulia injini ni mzee wa hapo Emali. Alitazama ile pistoni kwa muda, akaipangusa kwa kitambaa, akamuuliza binamu yangu swali moja.

"Mwana wakwa, hewa mliongeza. Mafuta je, mliongeza?"

"Tuliweka bomba kubwa la moshi, mzee, na busti ikapandishwa."

"Nimeuliza mafuta."

Tukanyamaza wote wawili.

Swali hilo limenisumbua mpaka nikaanza kurudi nyuma kwa historia ya magari haya tunayoyapenda. Na maoni yangu baada ya kuchimba ni haya: tumesimuliwa historia ya kasi kama historia ya hewa. Tabo kubwa, bomba kubwa, kelele kubwa. Lakini ukiangalia vizuri, hata hapa kwetu, historia yenyewe ni ya mafuta. Yanafikaje kwenye injini, kwa presha gani, kwa wingi gani, na ni masafi kiasi gani. Wale walioelewa hilo walishinda. Wale ambao hawakuelewa wako na picha kama ya binamu yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu njaa

Petroli haiungui peke yake. Ili kilo moja ya petroli iungue yote inahitaji kama kilo 14.7 za hewa. Hiyo ndiyo hesabu ya kawaida. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi. Tabo inatumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Supachaja inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe inazungushwa na mkanda kutoka kwa injini. Hewa ikizidi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na hapo ndipo nguvu inatoka.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Nguvu inatoka kwa mafuta. Hewa inafungua mlango tu.

Sasa, injini ya tabo ikiwa imekanyagwa sana haipewi hata ile hesabu ya 14.7. Inapewa petroli zaidi, karibu kilo moja kwa kilo 11.5 au 12 za hewa, kwa sababu mafuta ya ziada yanapoza ndani ya silinda. Ukiongeza hewa na mafuta yabaki palepale, kule ndani joto linapanda na mchanganyiko unaanza kulipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Huo ndio mlio tuliousikia. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na moto wa ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000. Pistoni inaishi kwa sababu tu joto linaondolewa haraka kuliko linavyoingia. Ukivunja hiyo hesabu kwa dakika chache ukipanda mlima, basi, umepata shimo la kupitisha kidole.

Wazee wa Pijo walijua kitu

Tuanze na Safari Rally, kwa sababu hapo ndipo Afrika Mashariki ilipojifunza magari hadharani. Ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu husimulia matope na vumbi. Wachache husimulia mwinuko.

Fikiria gari iliyo usawa wa bahari Mombasa, halafu inapanda mpaka Nairobi, mita 1,700 hivi juu, halafu inaenda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Ukiwa Nairobi tayari hewa imepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Magari mengi ya wakati huo yalitumia kabureta, ambayo inapima mafuta kwa kupitisha petroli kwenye tundu dogo lililochongwa kiwandani. Tundu halijui uko Mombasa au uko Timboroa. Likiwekwa sawa kwa pwani, kule juu injini inabanwa na petroli nyingi. Likiwekwa sawa kwa milimani, ukishuka pwani injini inalala njaa.

Sasa angalia walioshinda. Mwaka 1966 na 1967 Safari ilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, na mwaka 1968 ikachukuliwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Wote walikuwa kwenye Peugeot 404 ya injekta. Mwaka huo wa 1968 ni magari 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda na Peugeot 504, nayo pia ya injekta. Wazee wetu wanaikumbuka Pijo kama gari ngumu isiyovunjika, na ni kweli. Lakini 404 ile ilikuwa na kitu kingine: pampu ya kimakanika ya Kugelfischer iliyopimia kila silinda mafuta yake na kuyasukuma kwa presha. Haikuwa gari yenye nguvu kuliko zote. Ilikuwa gari inayojua kula.

Sisemi walishinda kwa sababu ya pampu peke yake. Safari ilihitaji dereva, chasi na bahati. Nasema tu kwamba kabla tabo haijafika, somo la mafuta lilikuwa limeshapita mbele ya macho yetu, na hatukuliandika popote.

Tabo ilichelewa, na sababu ni hiyohiyo

Wengi wetu tunadhani tabo ni kitu cha juzi. Kumbe Alfred Büchi, injinia wa Uswisi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mbona basi ilichukua zaidi ya miaka 50 kufika kwa gari la mtu wa kawaida? Kwa dizeli kubwa za meli iliingia mapema. Kwa petroli, shida ilikuwa joto na mafuta.

Mwaka 1962 Marekani ilitoa magari mawili ya tabo, moja ni Chevrolet Corvair Monza Spyder na lingine ni Oldsmobile Jetfire. Hiyo Jetfire ilikuwa na kabureta, na wenye kampuni walijua injini itagonga. Wakaweka tangi la pembeni lenye mchanganyiko wa maji na methanoli, unaorushwa ndani ya injini ili kuipoza. Wenye magari wakawa wanasahau kulijaza. Gari ilikuwa na njia ya kujilinda kwa kupunguza busti, lakini watu walichoka nayo, na kampuni ikaacha kuitengeneza baada ya muda mfupi. Miaka 60 baadaye, binamu yangu alifanya kosa la aina hiyohiyo Mombasa Road, tena bila hata hilo tangi la pembeni.

Mwaka 1973 BMW ikatoa 2002 Turbo. Na unajua mafuta ilipewa na nani? Na Kugelfischer, jina lilelile la pampu ya Pijo ya wazee. Hapo nilipofika nilisimama kidogo nikacheka. Gari ya kifahari ya Ujerumani na 404 iliyobeba watu na mbuzi Afrika Mashariki, ndugu wa tumbo moja kwa upande wa mafuta.

Kwenye Safari, tabo ilikaribia mwaka 1983, Audi Quattro zikamaliza za pili na za tatu mikononi mwa Hannu Mikkola na Michèle Mouton. Lakini mshindi alikuwa Ari Vatanen na Opel isiyo na tabo. Miaka minne kabla ya hapo, kuanzia 1979 mpaka 1982, Shekhar Mehta alikuwa ameshinda mfululizo na Datsun Violet, nazo bila tabo. Ungekuwa kijana wa wakati huo, ungesema tabo si ya Afrika.

Halafu ikaja Pasaka ya 1984. Fundi wetu wa Emali alituambia alikuwa kijana, alikuwa na redio ya mkono, akisikiliza Sauti ya Kenya huku akifungua magurudumu ya lori. Björn Waldegård akashinda na Toyota Celica Twincam Turbo, gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, mbele ya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka 1985 Celica hiyo ikashinda tena na Juha Kankkunen, na 1986 tena na Waldegård. Tangu 1984 mpaka Safari ilipotoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, hakuna gari isiyo na tabo iliyoshinda. Hata moja.

Nini kilibadilika? Tabo zenyewe ziliboreshwa, sawa. Lakini kitu kikubwa kwa maoni yangu ni kwamba injekta za kielektroniki zilikomaa. Sasa kulikuwa na kompyuta inayosoma hewa inayoingia, joto na mzunguko wa injini, halafu inaamua injekta ifunguke kwa sehemu ngapi za sekunde. Mafuta yakaanza kuifuata hewa badala ya kukisia.

Gari dogo la 1993

Kama bado unafikiri nguvu ni ukubwa, nikupe Subaru Vivio. Hii ni gari ndogo ya mjini Japani, injini yake ni sisi 658, haifiki hata robo tatu ya lita. Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio zenye supachaja kwenye Safari. Colin McRae alikuwa kwenye moja na hakumaliza. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alimaliza wa 12 kwa jumla na akawa wa kwanza kwenye daraja lake.

Kuna siri gani hapo? Supachaja ile ilisukuma hewa tangu chini, na mfumo wa mafuta ulikuwa umepimwa kwa hewa hiyo kutoka kiwandani. Vitu viwili vilivyozaliwa pamoja. Gari likala inavyostahili na likafika. Wengi wenye injini kubwa zaidi walibaki njiani.

Kisha mwaka 1997 McRae akashinda Safari na Impreza ya buluu, na kizazi kizima cha Wakenya kikapata ugonjwa ambao mimi na binamu yangu tumeurithi.

Gari ya Japani, petroli ya hapa

Miaka hiyohiyo ya 1990 uagizaji wa magari ulilegezwa, na magari yaliyotumika yakaanza kuja kwa wingi kutoka Japani. Yalishukia Mombasa na mengi yakapanda Nairobi kwa barabara hii yetu. Ukikaa Emali pale njia ya Loitokitok inapoanzia, unaweza kusema historia ya magari ya Kenya ilipita mbele ya wauza ndengu na maembe ikiwa na namba za muda.

Shida ni kwamba gari ilikuja lakini petroli yake haikuja. Subaru nyingi za tabo zilitengenezewa petroli ya bei ya juu ya Japani, ya oktani karibu 100. Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa bila kulipuka yenyewe. Super yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Ndio maana gari inaweza kuwa sawa kabisa kwa busti ya kiwandani, lakini ukiongeza kidogo tu, ile nafasi ya usalama imeshaliwa.

Na hapo sijataja mafuta ya taa. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa bei ya chini kuliko dizeli na petroli, na wajanja walikuwa wanachanganya. Ilifika mahali mwaka 2018 serikali ikaweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi uchanganyaji usiwe na faida. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana. Lori la dizeli linaweza kukohoa na kuendelea. Injini ya tabo ya petroli ikipewa mchanganyiko huo ikiwa imekanyagwa, inagonga. Na ile ada, tukumbuke, iliwaumiza mama zetu wanaopikia stovu na wanafunzi wa koroboi ambao hawakuwahi kuchanganya chochote.

Bomba linalopita kwetu

Sasa nije kwa jambo ambalo fundi alituonyesha kwa kidole tu, bila maneno mengi. Alisema, "Mnataka kuelewa mafuta? Bomba la nchi nzima linapita hapa."

Kenya Pipeline ilianzishwa 1973, na mwaka 1978 bomba la kwanza kutoka Mombasa mpaka Nairobi likaanza kazi. Kilomita kama 450, upana wa inchi 14. Vituo vya kusukuma vilikuwa Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud, jirani zetu kabisa. Hebu litazame kama gari: tangi liko pwani, injini iko Nairobi, na katikati kuna pampu.

Nchi ikakua. Nairobi na nchi jirani zikataka mafuta mengi kuliko bomba lilivyoweza kupitisha. Mwaka 2008 zikaongezwa pampu nne kwenye bomba lilelile, Samburu ya kule Kwale, Manyani, Makindu na Konza, ili mtiririko uongezeke. Ni kama kuweka pampu kali kwenye gari na kuacha mabomba ya zamani. Ilisaidia kwa muda. Lakini mwishowe ilibidi bomba lenyewe libadilishwe, na mwaka 2018 bomba jipya la inchi 20 likaanza kazi. Inchi 14 kwenda 20 inasikika kidogo, lakini ukipiga hesabu ya uwazi wa ndani, ni zaidi kidogo ya mara mbili.

Katikati ya hapo, mwaka 2015, bomba la zamani lilivuja Thange, upande wa Kibwezi, hapahapa Makueni. Lilikuwa na umri wa miaka 37. Mafuta yakaingia mtoni na mashambani, watu wakakosa maji waliyokuwa wakiyategemea, na kesi ya fidia ikachukua miaka mahakamani. Sisemi ni pampu zilizolipasua, bomba lilikuwa limezeeka. Ninachosema ni kwamba ukiongeza mahitaji upande mmoja, lazima ukague njia yote, kwa sababu anayelipa njia ikishindwa si yule aliyekuwa akifurahia kasi.

Kwa hivyo ukitaka kuongeza, anza wapi?

Fundi alitupangia hivi, na nimeyalinganisha na niliyosoma. Chukua mfano wa injini ya silinda nne unayotaka itoe farasi 300 kwa petroli. Ikikanyagwa mpaka mwisho itahitaji lita kama 110 kwa saa. Gawanya kwa injekta nne, kila moja imwage karibu sisi 460 kwa dakika. Lakini injekta haitakiwi kukaa wazi muda wote, iache ifanye kazi kwa asilimia 80 tu, kwa hivyo unahitaji injekta za sisi 575 hivi. Gari ya farasi 200 inatosheka na za 380. Unaona? Ukipandisha busti na kuacha injekta za zamani, unadai kitu ambacho tundu haliwezi kukupa.

Pili, pampu. Pampu iliyoandikwa lita 255 kwa saa haitoi hizo 255 ikiwa inasukuma dhidi ya presha kubwa. Presha ikipanda, mtiririko unashuka. Na kama nyaya zake ni nzee na umeme unafika umechoka, inashuka zaidi. Weka waya mpya mnene na rilei kutoka kwa betri. Ni kazi ya bei ndogo, na watu wengi huiruka.

Tatu, regulata. Tuseme presha ya mafuta ni PSI 43, na tabo inasukuma hewa ya PSI 15. Hewa hiyo inaisukuma injekta kutoka upande wa pili, kwa hivyo nguvu halisi inayobaki ni PSI 28, na mafuta yanapungua kwa karibu moja ya tano, wakati ambapo unayahitaji zaidi. Regulata nzuri inasoma busti na kupandisha presha sawasawa, 43 inakuwa 58. Angalia kama ile mipira yake midogo ya hewa haijapasuka. Ya binamu yangu ilikuwa imepasuka. Mpira wa bei ya chakula cha mchana.

Nne, filta na tangi. Badilisha filta kabla ya yote, hasa kama umenunua mafuta kila mahali. Na usikanyage ukiwa na robo tangi, mafuta yanakimbilia upande mmoja kwenye kona na pampu inameza hewa. Sisi tulikuwa na robo tangi.

Tano na mwisho, kompyuta ya gari ipangwe upya na mtu aliye na geji ya kupima mchanganyiko, gari ikiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu au barabara iliyofungwa. Muulize swali la fundi wa Emali kabla hujatoa pesa: mafuta umeongeza? Akianza kukuambia kuhusu kelele, ondoka.

Utagundua busti sijaitaja kwenye orodha. Inakuja baada ya hayo yote, na si kwa Mombasa Road iliyojaa malori usiku wa Desemba. Hilo nalijua sasa. Injini yetu ilikufa kando ya barabara na hakuna aliyeumia, lakini nguvu ingeweza kupotea tukiwa tunapita trela, na leo ningekuwa siandiki.

Binamu yangu alinunua injini nyingine. Ilimchukua mwaka na nusu, na katika huo muda ada ya mdogo wake ilichelewa mihula miwili, jambo ambalo haliko kwenye ile picha. Gari sasa ina pampu mpya, nyaya mpya, injekta zinazotosha, na busti ya kiwandani. Ndio, ya kiwandani. Anasema akimaliza kulipa madeni ataipandisha kidogo.

Mara ya mwisho tulipita Emali tukasimama kumsalimia mzee. Alizunguka gari, akafungua boneti, akashika mpira wa regulata kwa vidole viwili, akautikisa, akafunga boneti. Hakusema kitu, akatuuliza tu kama nyumbani kumenyesha.